Volteji dropu: mita inasoma volti 12 lakini feni ya rejeta haizunguki

Gari inatembea vizuri barabara kuu, ukiingia foleni tu mshale wa temperecha unaanza kupanda, ukitoka kwenye foleni unashuka wenyewe. Mara nyingi hapo mkosaji ni feni, maana ukiwa spidi upepo wa barabarani unapooza rejeta, ukisimama kazi yote inabaki kwa feni. Sasa fundi anachomoa plagi ya feni, anaweka mita ya kupima umeme, inasoma volti 12.4, anasema umeme upo, mota imekufa, nunua nyingine. Unanunua, inafungwa, na gari inachemsha vilevile. Kilichorukwa hapo kinaitwa volteji dropu, na natamani kila mwenye gari akielewe hata kama hatashika mita mwenyewe, kwasababu watu wanapoteza hela nyingi kwa kitu kinachopimika kwa dakika chache.

Volteji dropu ni volti zinazoliwa njiani kabla umeme haujafanya kazi kwenye kifaa. Kila waya, kila plagi, kila kontakti (vichuma vinavyogusana) ya rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, ina ukinzani wake, yaani kiasi inachozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu, ila ukinzani hauli volti mpaka umeme uwe unapita, na hapa ndipo wengi wanapotea. Mita ya dijitali ya kawaida ina ukinzani wa kama omu milioni 10, yaani inavuta umeme mdogo mno, kwahiyo hata waya ukibaki na uzi mmoja wa shaba wewe bado utasomewa volti zote. Mpira wa maji uliokanyagwa nao presha unayo ukiwa umezibwa mdomo, fungulia uone kama ndoo itajaa.

Chukua hesabu hii. Plagi imeliwa na kutu, ukinzani wake umefika omu 0.2, na feni inavuta ampea 15. Zidisha, unapata volti 3 zimepotea kwenye plagi peke yake, na hizo volti 3 kwa ampea 15 ni wati 45 za joto ndani ya kijiplastiki kidogo. Ndio maana unakuta plagi imekuwa ya kahawia na imeyeyuka upande mmoja. Feni nayo inazunguka kivivu, mwenye gari anaiona inazunguka anaridhika, kumbe upepo hautoshi. Na usijidanganye kutafuta omu 0.2 kwa kuweka mita kwenye omu, maana waya za mita yenyewe zinaweza kuwa na kiasi hichohicho.

Kipimo chenyewe kinafanyika plagi ikiwa imechomekwa na feni ikiwa imeamrishwa kufanya kazi. Gari nyingi ukiwasha AC feni inaitwa. Mita iwe kwenye volti DC, waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, mweusi unauingiza kwa nyuma ya plagi kwenye waya unaopeleka umeme kwenye feni. Namba utakayoona ndio volti zilizopotea upande wa chanya. Kisha upande wa arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri: mwekundu kwenye waya wa arthi wa feni, mweusi kwenye hasi ya betri. Jumla ikizidi kama nusu volti anza kutafuta. Arthi msiisahau jamani, watu wanahangaika na fyuzi na rilei kumbe bolti ya arthi kwenye bodi imeota kutu, hasa gari zilizokaa miji ya pwani kwenye chumvi, au zinazooshwa injini kwa pampu ya presha kila wiki.

Kama feni haizunguki kabisa na njia imekatika, volti zote 12 utazikuta pale palipokatika. Kwenye rilei ya kawaida pima kati ya mguu ulioandikwa 30 na wa 87, hiyo ni miguu ya kontakti, rilei ikiwa imevuta, ikisoma 12 kontakti zimeungua, hata kama unasikia inalia tki. Huo mlio ni koili tu, sumaku ya umeme inayovuta kontakti, unakuambia miguu yake, 85 na 86, inapata umeme, haukuambii chochote kuhusu kontakti. Na ukikuta volti zimefika kamili kwenye plagi iliyochomekwa, arthi safi, feni imetulia, hapo sawa, mota imekufa, mara nyingi ni kaboni za ndani, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha.

Angalizo kwa gari zenye spidi mbili: spidi ndogo kwenye baadhi inapitia resista, au feni mbili zinaungwa mfululizo, kwahiyo volti kupungua pale ni makusudi, pima kwenye spidi kubwa. Zile zenye moduli inayokata umeme mara nyingi kwa sekunde, mita ya kawaida itakudanganya. Na mikono iwe mbali, feni inaweza kuwaka ghafla, gari nyingine hata ukiwa umeshazima injini.

Kinachoniudhi ni ile tabia ya kuunga feni dairekti na swichi ya gari. Tatizo halijaondoka, limefichwa, na waya mwembamba usio na fyuzi unaobeba ampea 15 au zaidi unaweza kuunguza gari. Ukilazimika kufika nyumbani, weka fyuzi karibu na betri na waya mnene.

Mwisho, plagi ikiwa imeungua usikimbilie kuibadilisha peke yake. Mota iliyochoka, beringi zimekaza, inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, na ndiyo inayoweza kuwa imeichoma. Zungusha feni kwa mkono injini ikiwa baridi na betri imechomolewa, ikiwa nzito au inakwaruza, plagi mpya itaungua palepale ilipoungua ya zamani. Kama fundi ana mita ya kubana waya, mwambie apime ampea kabla hamjafunga kitu.