Cholmondeley, Delamere, Egerton: dhana potofu kuhusu majina ya walowezi wa Njoro

Anayesafiri kati ya Nairobi na Nakuru hulikuta jina Delamere hata kama hana haja nalo. Liko kwenye duka la kando ya barabara pale Naivasha, liko kwenye kopo la mtindi. Akikata kuelekea Njoro anakutana na jingine, Egerton: kuna chuo kikuu na kuna ngome ya mawe ambayo wenyeji hawaishi kuisimulia. Majina haya yamekaa nasi zaidi ya miaka mia, na tunayaelewa visivyo. Ukiyafuata hadi yalikotoka unafika pembe moja ndogo ya Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Hapo unakuta jina la tatu, Cholmondeley, ambalo ni adimu hata kwa Waingereza wenyewe.

Dhana: Delamere ni jina la ukoo.

Delamere ni cheo. Ukoo wenyewe ni Cholmondeley. Mwaka 1821 mbunge mmoja wa Cheshire, Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, alipewa ubaroni, akachagua kuitwa Baroni Delamere. Delamere ni msitu na parokia si mbali na kwake, sehemu yenye viziwa vingi vidogo. Cheo cha namna hii huvaliwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Baba akifa, mwana mkubwa wa kiume anakirithi. Wadogo zake, binti zake na wajukuu wanabaki Cholmondeley.

Hugh Cholmondeley, aliyezaliwa 1870, alikuwa baroni wa tatu. Alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akitokea upande wa Somalia. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari 100,000 kule Njoro kwa miaka 99, na baadaye akajipatia Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, alikozikwa mwaka 1931. Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe katika bonde hilo hawakuulizwa kwa namna yoyote inayostahili kuitwa kuulizwa, lakini hiyo ni makala nyingine. Nairobi ikawa na barabara ya Delamere, leo Kenyatta Avenue, na sanamu yake iliyosimama hapo iliondolewa baada ya uhuru, ikapelekwa Soysambu.

Wakenya wengi walikutana na jina halisi la ukoo miaka mingi baadaye, katika habari za mahakamani. Kitukuu wa baroni huyo, Thomas Cholmondeley, alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kuua bila kukusudia, akafariki Nairobi mwaka 2016. Kwa kuwa baba yake alikuwa hai, cheo hakikuwa chake. Ndiyo maana magazeti yaliandika Cholmondeley kwa mwana na Delamere kwa baba, na msomaji asiyejua utaratibu huu aliweza kudhani ni watu wa koo mbili.

Dhana: jina Cholmondeley linasomwa kama lilivyoandikwa, au mabwanyenye walilipinda makusudi ili kuwanasa wanyonge.

Linatamkwa "Chamli". Herufi kumi na mbili, silabi mbili. Kuna Waingereza wanaopenda kusema kwamba huu ni mtego wa kitabaka: ukikosea, umejulikana kuwa si mwenzao. Kwamba umetumika hivyo katika karamu za wakubwa, siwezi kubisha. Lakini haikuwa hila ya mtu. Majina marefu ya mahali huko Uingereza yalichakaa midomoni kwa karne nyingi, huku makarani wakiendelea kuyaandika kwa tahajia ya zamani. Leicester limekuwa "Lesta" na Worcester limekuwa "Wusta", na hiyo ni miji ya watu wa kawaida kabisa. Katika majina ya ukoo, Beauchamp husomwa "Bicham" na Featherstonehaugh, kwa wengi wanaolibeba, "Fansho".

Ushahidi mzuri zaidi umo katika maandishi ya zamani yenyewe. Kabla tahajia haijaganda, karani wa parokia aliandika alichosikia, kwa hiyo ukoo huu unaonekana kama Cholmeley, Cholmley, Chomley, Chumley. Wenye mali na hati walishikilia tahajia ndefu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye hati. Naona huo ulikuwa uangalifu wa watu wenye ardhi kuliko majivuno, ingawa kwa Uingereza ya wakati huo mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja.

Dhana: ukoo umeandikwa katika kitabu cha Domesday, kwa hiyo jina lina karibu miaka elfu.

Kilichoandikwa mwaka 1086 ni kijiji. Makarani wa mfalme William waliokuwa wakihesabu ardhi na kodi walikiandika Calmundelei, yaani uwazi wa msituni wa mtu aitwaye Ceolmund. Ceolmund alikuwa Mwanglo-Saksoni, yaani wa watu waliotawala Uingereza kabla ya William, na hakuna anayedai kuwa yeye ndiye babu wa akina Cholmondeley. Aliyeshikilia ardhi hiyo wakati wa hesabu ni Robert FitzHugh, mkubwa wa Malpas, na "Fitz" hapo ni sawa na "bin" yetu: Robert bin Hugh. Jina hilo halikuwa la ukoo, maana mwanawe angeitwa Fitz-Robert.

Majina ya kurithiwa yaliingia Uingereza polepole, kwanza kwa wenye ardhi, kisha kwa wengine, na katika sehemu nyingi za nchi mambo hayakutulia hadi karne ya 14. Mtu aliyepewa Cholmondeley akaitwa "wa Cholmondeley". Ndugu yake aliyepewa kijiji kingine akaitwa wa kijiji hicho. Baba mmoja, majina mawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Dhana: Delamere na Egerton walikuwa koo mbili zisizohusiana, zilizokutana Njoro tu.

Hapa ndipo penye utamu. Egerton nayo ni kitongoji cha Cheshire, jirani kabisa na Cholmondeley, karibu na Malpas. Wanaofuatilia nasaba za Cheshire huzitoa koo zote mbili katika shina moja, watu wa Belward wa Malpas, waliogawana mashamba katika karne ya 12 na ya 13 na kila mmoja akachukua jina la alikokaa. Kwa hesabu hiyo, majirani wawili wa Cheshire waliachana majina wakati Kilwa inajengeka, wakaja kuwa majirani tena Njoro katika karne ya 20.

Ingekuwa hadithi safi kama ingeishia hapo. Haiishii. Maurice Egerton, baroni wa nne wa Egerton wa Tatton, ndiye aliyeanzisha shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, ambayo mwaka 1987 ilifanywa Chuo Kikuu cha Egerton. Alizaliwa 1874, akafariki 1958, hakuoa wala kuacha mtoto, na cheo kikafa naye. Ukipanda mti wa baba zake unafika karne ya 18, kisha jina linabadilika. Shamba kubwa la Tatton lilikuwa la Samuel Egerton. Alipofariki mwaka 1780 likaenda kwa dada yake Hester, aliyeolewa na William Tatton wa Wythenshawe. Kwa ruhusa ya mfalme Hester akarudia jina la kwao, na mwanawe akaendelea nalo. Kwa upande wa baba, basi, Lord Egerton wa Njoro alikuwa Mtatton. Jina lilifuata shamba, na damu ya baba ikaenda njia yake.

Jambo hili lilikuwa la kawaida kwa wenye mali Uingereza. Mtu aliyekosa mrithi wa kiume aliandika katika wasia kwamba atakayechukua shamba achukue na jina. Akina Cholmondeley nao hawakusalimika. Thomas Cholmondeley mwingine, wa tawi la Shropshire, aliishi kwa muda New Zealand, akaenda Marekani mwaka 1854 na kufanya urafiki na mwandishi Henry David Thoreau, na mwaka uliofuata akampelekea shehena ya vitabu 44 vya dini na falsafa ya Kihindi. Kisha akarithi jumba la Condover na kugeuka kuwa Owen. Anayemtafuta Cholmondeley huyo katika hati za mwisho wa maisha yake hatampata, asipojua habari ya urithi.

Dhana: jina adimu ni alama ya damu ya kifalme.

Uadimu hauna uhusiano na ubora. Jina la kijiji kimoja kidogo huanza na watu wachache, pengine familia moja. Kila kizazi baadhi ya wanaume wanakufa bila mwana wa kiume, na tawi linakauka. Smith, yaani mhunzi, lilianza katika kila kijiji chenye mhunzi, kwa hiyo haliwezi kwisha. Hiyo tu ndiyo siri.

Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, wakilinganisha wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wanaume wawili waitwao Smith hawakuwa na uhusiano wa karibu kuliko wapita njia wawili. Katika majina adimu kama Attenborough, ambalo pia ni la mahali, sehemu kubwa ya wanaume walitoka kwa babu mmoja. Kwa hiyo anayesema "majina yakifanana, sisi ndugu" anakosea kwa jina la kawaida, na kwa jina adimu mara nyingi anapatia. Undugu huo hautoi cheo. Kijiji kiliwapa jina hata watumishi na wakulima waliokihama, kwa sababu huko walikohamia watu waliwataja kwa walikotoka.

Na ndani ya ukoo wenyewe kulikuwa na watoto wa nje ya ndoa. Sir Roger Cholmeley, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu na aliyeanzisha shule ya Highgate, London, mwaka 1565, alikuwa mmoja wao. Baba yake, Sir Richard, alikuwa msimamizi wa ngome ya Mnara wa London. Wanafunzi wa zamani wa shule hiyo hadi leo hujiita kwa jina lake. Upande wa Egerton, Thomas Egerton aliyepanda hadi kuwa mkuu wa sheria wa malkia Elizabeth I alizaliwa vivyo hivyo, na ni yeye aliyeufanya ukoo uwe mkubwa. Wasafishaji wa nasaba wana kazi ngumu hapa.

Dhana: ni jina la wanaume mashujaa.

Fupi tu: tawi la Delamere lipo kwa sababu ya mwanamke. Mary Cholmondeley, aliyezaliwa Holford, mjane aliyekesha mahakamani akitetea urithi wake kwa miaka mingi, alinunua Vale Royal mwaka 1615, na mwanawe mdogo Thomas akaanzisha tawi hapo. Mfalme James I alipopita mwaka 1617 na kukaribishwa kwake, alimpa sifa ya kuwa bibi jasiri wa Cheshire.

Dhana: akina Cholmondeley wapo Cheshire tu, na kule Kenya.

Cheshire na Shropshire ndiko shina liliko, lakini matawi yalitawanyika mapema. Moja lilikwenda Whitby, pwani ya Yorkshire, likajiandika Cholmley. Sir Hugh Cholmley wa huko aliilinda ngome ya Scarborough kwa niaba ya mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi ikaangukia mikononi mwa jeshi la Bunge mwaka 1645. Tawi kuu lilipata umarkizi, ngazi ya vyeo iliyo chini ya uduki tu, mwaka 1815, na pamoja na ngome yao ya Cheshire wana jumba la Houghton kule Norfolk, lililowajia kwa urithi kutoka kwa akina Walpole. Charles Cholmondeley alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1917. Ni yeye aliyetoa wazo lililokuwa mpango wa mwaka 1943 wa kuwahadaa Wajerumani kwa maiti iliyovalishwa sare na kutupwa pwani ya Hispania ikiwa na barua bandia.

Ramani za kidijitali zinazoonyesha wenye jina fulani la ukoo wako wapi zinahitaji tahadhari kwa jina hili kuliko mengi. Ukiandika Cholmondeley tu unapata wenye hati, unawakosa akina Cholmeley na Chumley, na picha inatoka yenye majumba makubwa kuliko ilivyo. Ukiwaongeza wote, unaongeza na wasiohusika. Devon, kusini magharibi, kuna mji mdogo wa Chulmleigh, ambao nao ulianza kama uwazi wa msituni wa Ceolmund mwingine, na wenyeji hutamka vilevile, "Chamli". Mwenye jina Chumley au Chumleigh ambaye babu zake walibatizwa Devon ana sababu ndogo sana ya kuutafuta ukoo wake Cheshire. Aanze na daftari za ubatizo za parokia za Devon.