Baba, zamani ulikuwa ukifanya kazi gani?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akanyamaza kidogo kwanza arudishe pumzi, maana ngazi nne za kuingilia kliniki zilikuwa zimemmaliza. Mkononi alikuwa na bahasha yenye picha tatu za eksirei, kila moja ya mwaka wake, pamoja na kadi ya dawa za kifua kikuu. Alikuwa amemaliza dozi ya miezi 6 mara mbili, ilhali makohozi yake hayakuwahi kuonekana na vimelea hata siku moja.

Huku kwetu Tanga kikohozi kisichokatika kina jina moja tu. Siwalaumu madaktari wenzangu, kifua kikuu kipo na kinaua. Lakini kwenye kadi zote zile, nafasi ya kazi ilikuwa imeandikwa "mkulima" au "amestaafu". Nikamuuliza: zamani, baba, kabla ya shamba?

Alikuwa fundi wa boila, miaka 14, kwenye kiwanda kimoja cha hapa mjini kilichofungwa siku nyingi. Akanionyesha kwa mikono. Unamimina unga mweupe kwenye ndoo, unatia maji, unakoroga kwa mkono mtupu mpaka uwe kama uji mzito, kisha unaupaka juu ya mabomba ya mvuke ili joto lisipotee. Ukizeeka na kupasuka, unaubandua kwa tindo na nyundo, mkavu, chumba kizima kinakuwa cheupe. "Tulikuwa tunatoka kama tumeanguka kwenye pipa la unga wa ngano," akasema.

Ule unga ulikuwa asbesto. Ni madini yenye nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Mapafu yanajaribu kuzizunguka, yanaota makovu, yanakakamaa. Hiyo ndiyo asbestosisi. Nyuzi hizohizo huleta saratani ya mapafu na mesotelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Na haya hayaji kesho yake: aghalabu hupita miaka 20, 30, hata 40. Mtu anaugua ameshasahau, na kiwanda kimeshageuka ghala.

Nilimsikiliza mgongoni, chini ya mbavu. Chukua nywele zako chache uzisugue kati ya vidole karibu na sikio: ndiyo sauti ya makovu niliyoisikia, pande zote mbili, kila alipovuta pumzi. Kwenye eksirei, utando wa mapafu ulikuwa na mabaka meupe kama nta iliyodondoka ikaganda. Yalikuwepo hata kwenye picha ya kwanza kabisa.

Sasa fidia, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara.

Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi hata senti. Jambo kubwa ambalo wengi hawalijui ni kwamba huna haja ya kuthibitisha kuwa mwajiri alifanya uzembe. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba una ugonjwa, na kwamba umetokana na kazi. Basi.

Hilo la pili ndilo linalotuangusha. Ugonjwa mimi naweza kuuonyesha kwa eksirei, kipimo cha pumzi na pale inapowezekana siti skani. Kazi siwezi kuipiga picha. Ikiwa faili la hospitali linasema "mkulima" kwa miaka 10, atakayepitia madai yako atasoma "mkulima".

Mwanamke mmoja Mwingereza, Nellie Kershaw, alifanya kazi kwenye kiwanda cha asbesto huko Rochdale. Alipougua, mwajiri alikataa kumlipa, akafariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33. Daktari Cooke aliyeyachunguza mapafu yake ndiye aliyeupa ugonjwa jina la asbestosisi, mwaka 1927. Ugonjwa usio na jina haukuwa na mlipaji. Leo jina lipo, na limo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya mwaka 2010. Inaniuma mno kuona mgonjwa wangu akikosa haki yake kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali la dakika moja.

Kwa hiyo, chimbeni makaratasi. Barua ya ajira, kitambulisho cha kiwandani, hati ya mshahara, hata picha mliyopiga mkiwa na ovaroli. Kadi ya NPF, shirika lililotangulia NSSF, ni dhahabu, maana ina jina la mwajiri. Mwenzio mliyefanya naye kazi aandikiwe maelezo na kusaini angali na nguvu. Wenzake mzee huyu kazini walikuwa sita, wamebaki wawili, mmoja yuko Pangani. Wewe unayefanya kazi leo gereji kwenye pedi za breki kuukuu zenye asbesto, au unayebomoa mapaa ya asbesto, usiache kazi bila uchunguzi wa afya wa kuondoka, na uombe nakala.

Halafu muda. Taarifa inatakiwa iufikie Mfuko ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa ugundulike. Nimeona ripoti nzuri kabisa ikilala chini ya godoro mwaka mzima na nusu. Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa, ila usimsubiri. Usimlipe kishoka, yaani dalali wa mitaani, pia, kupeleka madai ni bure. Madai yakikubaliwa, matibabu hugharamiwa. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Ukikataliwa, omba uamuzi upitiwe upya. Na kama ulivuta sigara, sema ukweli. Sigara na asbesto zikikutana hatari ya saratani ya mapafu hupanda sana, lakini sigara haizifuti zile nyuzi.

Wiki mbili baadaye mzee alirudi na kadi ya NPF, imeliwa na mende pembeni, muhuri wa kiwanda ukisomeka. Tuliandika historia ya kazi yake mwaka kwa mwaka, kurasa tatu, binti yake akishika tarehe.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi nje, anakohoa. Ovaroli zile alikuwa akizifua yeye, anazikung'uta kwanza uani. Kwa sheria yetu yeye hakuwa mfanyakazi wa mtu, Mfuko haumhusu, na hilo naliona ni pengo la kuzibwa. Eksirei yake tunampiga Jumanne.