Kupima kadi za kyubu: maana yake na hesabu zake

Katika Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993, kyubu ni mkusanyiko ambao mtu huuteua mwenyewe, mara nyingi bila kurudia kadi yoyote, ili wenzake wachague humo kwa zamu kisha wachuane. Meza kamili ina watu wanane. Kila mmoja hupewa pakiti tatu za kadi 15; hufungua moja, huchukua kadi anayoitaka, na zilizobaki humpitishia jirani mpaka ziishe. Mwishoni ana kadi 45, na humo huunda seti ya kadi 40: takribani 23 alizozichagua, na 17 za ardhi, ambazo ndizo hutoa mana ya kulipia nyingine. Wanane mara 45 ni 360, na ndiyo sababu kyubu ndogo ya kawaida ina kadi 360. Zipo pia za 450, 540 na 720.

Kupima kadi ni kuamua kama inastahili nafasi mojawapo katika hizo. Kwa kuwa kila inayoingia huitoa nyingine, haitoshi kuuliza kama ina nguvu. Swali ni hili: nani mezani ataichukua, ataiweka kwenye seti ya aina gani, na je, itamfaa kuliko ile iliyoondolewa?

Anza na gharama, hasa alama za rangi: mana huwa nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu au kijani, na alama huonyesha ni ya rangi ipi inayodaiwa. Counterspell hulipiwa mana mbili, zote za buluu. Mwenye seti ya rangi mbili, mwenye ardhi nane au tisa za buluu, mara nyingi hatakuwa na buluu mbili kwenye zamu yake ya pili. Kadi inabaki nzuri, ila kwake ni kadi ya zamu ya nne au ya tano. Cryptic Command inadai buluu tatu na mana moja yoyote. Hiyo ni ya mtu aliyezama kwenye buluu hasa, au wa kyubu yenye ardhi nyingi za rangi mbili. Wengi husoma gharama kama jumla tu, mbili au nne, wakashangaa baadaye kwa nini kadi inakwama mkononi.

Kadi za rangi mbili zina hesabu kali zaidi. Rangi ni tano, kwa hiyo jozi ni kumi. Watu wanane wakicheza rangi mbili kila mmoja, kila rangi moja hupata wachezaji watatu hivi, lakini kila jozi haifikishi hata mchezaji mmoja kwa wastani. Kadi ya nyekundu na nyeupe inaweza kuwa kali kuliko nyekundu tupu iliyo karibu nayo, na bado ikazunguka meza nzima bila mwenyewe. Katika kyubu ya 360, kadi tatu kwa kila jozi zinatosha. Hizo peke yake ni 30. Kitchen Finks inaepuka tatizo hili kwa sababu alama zake za rangi hulipiwa kwa kijani au nyeupe, upendavyo, hivyo hata mwenye kijani peke yake anaiweka. Kadi za namna hiyo zihesabiwe kando, zisile nafasi za jozi.

Kisha ipitishe kadi kwenye hali nne: mwanzo wa mchezo, mnapolingana nguvu, unapoongoza, na unapozidiwa. Lightning Bolt, mana moja nyekundu kwa madhara matatu, inafanya kazi katika zote: inaua kiumbe cha mapema, na mwishoni inamalizia uhai wa mpinzani. Kiumbe cha mana saba kinachotisha kwa maandishi hakifanyi lolote mwanzoni, na ukiwa umezidiwa huenda usifike kukilipia. Kadi inayong'aa unapoongoza tu ndiyo hudanganya zaidi, kwa kuwa watu wanakumbuka jinsi ilivyomaliza mchezo na kusahau kwamba mchezo ulikuwa umeshakwisha.

Hata Lightning Bolt haina thamani moja kila mahali. Ukijaza kyubu viumbe vyenye uimara wa nne, yaani vinavyohitaji madhara manne ili vife, madhara matatu hayaui kitu. Doom Blade haiwezi kuua kiumbe cheusi. Kwenye kyubu yenye viumbe vyeusi vingi inashuka daraja bila herufi hata moja kubadilika. Kadi nyingi zilizotungwa kwa meza ya watu wanne nazo husinyaa: maneno “kila mpinzani” yanayogusa watu watatu huko, kwenye pambano la wawili yanamgusa mmoja.

Panapokosewa zaidi ni kwenye kadi zinazotegemeana. Griselbrand, kiumbe mkubwa, hugharimu mana nane, nne kati yake nyeusi, na karibu hakuna anayemlipia. Hutupwa makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika au kutupwa, kisha hufufuliwa kwa Reanimate, Animate Dead au Exhume. Kwa hiyo kumpima ni kupima makundi matatu kwa pamoja: viumbe wakubwa, njia za kuwatupa kama Entomb au Faithless Looting, na kadi za kufufua. Kundi moja likipungua, mengine mawili ni uzito mtupu.

Ukubwa wa kyubu unaingia hapa. Kwenye 360 kila kadi hutokea mezani. Kwenye 540 hutumika thuluthi mbili, hivyo kadi mbili mahususi hukutana kwenye uchaguzi mmoja asilimia 44 tu ya nyakati. Kwenye 720 ni asilimia 25. Na hapo bado hatujasema kama zitaangukia mikono ya mtu mmoja. Jozi mahususi ya kadi mbili ni ya kyubu ndogo. Ukiitaka kwenye kubwa, weka kadi kadhaa zinazofanya kazi ileile kila upande.

Seti ya kasi, ile inayoshambulia tangu zamu za kwanza, nayo ina sharti la wingi. Inahitaji viumbe wa mana moja, na peke yao huonekana duni: 2/1 (nguvu mbili, uimara mmoja) isiyo na la ziada, nani aitamani? Lakini seti ya kadi 40 yenye watatu wa aina hiyo ina asilimia 45 ya kumpata angalau mmoja katika kadi saba za kwanza. Wakiwa sita, ni 71. Anayewaondoa mmoja mmoja kwa sababu “ni dhaifu” huua seti nzima bila kujua, halafu hulalamika kwamba nyekundu haishindi.

Upande wa pili kuna kadi iliyozidi. Sol Ring hulipiwa mana moja na kurudisha mbili kila zamu. Pasipo nyingine za kiwango chake, kila mtu huichukua kwanza, na aliyeipata zamu ya kwanza amekwisha kushinda nusu ya mchezo. Iweke pamoja na wenzake, au iache nje.

Baada ya uchaguzi, tenga kadi zilizochezwa na zilizobaki pembeni. Wanane wakicheza 23 kila mmoja ni 184, maana yake 176 hubaki nje kila mara, kwa hiyo kubaki nje mara moja si hukumu. Iandike. Ikirudi pembeni mara tatu au nne hata kwa watu wa rangi yake, uliza kwanza kama seti yake ina wenzake wa kutosha. Ikiwa wapo na bado haichezwi, itoe, na ingiza nyingine ya rangi hiyohiyo na gharama hiyohiyo, ili ukiona badiliko ujue limetoka kwa kadi gani.