Jefferson hakuandika katiba ya Marekani

Hii kitu inarudiwa sana, kwamba Thomas Jefferson ndo aliandika katiba ya Marekani, na si kweli jamani. Jefferson aliandika Tangazo la Uhuru la 1776, ila katiba inatungwa pale Philadelphia mwaka 1787 yeye yuko Paris, ni balozi. Jimbo lake la Virginia lilipeleka wajumbe saba, George Washington akawa mwenyekiti wa mkutano mzima, halafu kuna James Madison ambaye alifika mapema akiwa ashajiandaa vizuri, na mapendekezo yao yakasomwa na gavana wao Edmund Randolph tarehe 29 Mei, humo ndo kulikuwa na bunge la mabaraza mawili, serikali kuu yenye nguvu na mahakama, mjadala wote ukaanzia hapo. Maneno ya mwisho yalinyooshwa zaidi na Gouverneur Morris wa Pennsylvania.

Sasa kinachonigusa mimi, Randolph huyohuyo siku ya kusaini, 17 Septemba, alikataa! George Mason naye akagoma, analalamika katiba haina tamko la haki za raia. Wajumbe wengine wawili walishaondoka zamani, kwa hiyo Virginia ina saini tatu tu: Washington, Madison na John Blair. Haki alizodai Mason ziliingizwa 1791.