Kupita kwenye LinkedList ya Java: maana yake na njia zake

Mtu anayevuta uradi kwa tasbihi hahitaji kukumbuka amefika punje ya ngapi. Kidole chake kimeshika punje moja. Akimaliza anaisukuma na kugusa inayofuata kwenye uzi uleule. Kupita kwenye vipengee vya LinkedList, yaani orodha ya lugha ya programu ya Java ambayo vipengee vyake vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, ni kazi ya namna hiyo, na makosa mengi ninayoyaona katika kodi za wanaoanza Java hutokana na kuinua kidole.

LinkedList imo ndani ya Java tangu toleo la 1.2, mwaka 1998. Kila kipengee hukaa kwenye nodi, na nodi hubeba vitu vitatu: thamani yenyewe, kiungo cha kwenda nodi ya mbele, na kiungo cha kurudi nodi ya nyuma. Orodha hujua nodi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, pamoja na idadi ya vipengee. Haina popote palipoandikwa kwamba nodi ya 70 iko wapi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. ArrayList, aina nyingine ya orodha ya Java, ni tofauti kabisa: vipengee vyake viko ndani ya safu moja yenye nafasi za nambari, na kufikia nafasi yoyote ni hatua moja.

Sasa tazama lupu, yaani kodi inayojirudia, ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo (majina hapa ni LinkedList yenye majina ya watu):

for (int i = 0; i < majina.size(); i++) {
    System.out.println(majina.get(i));
}

Inachapisha majina yote, kwa mpangilio sahihi. Tatizo ni kwamba kila get(i) huanza kuhesabu upya kutoka ncha iliyo karibu: i ikiwa nusu ya kwanza, inatoka mwanzo, ikiwa nusu ya pili, inatoka mwisho kurudi nyuma. Ni sawa na mtu anayeiachia tasbihi baada ya kila punje, akaishika tena kwenye fundo na kuhesabu mpaka pale alipokuwa. Kwa majina 10,000, hatua za kutoka nodi hadi nodi hufika 24,995,000. Asiyeinua kidole angepiga hatua 10,000 hivi. Orodha ikikua mara 10, kazi ya lupu hii hukua mara 100. Ukiijaribu kwa majina kumi huoni lolote, ndiyo maana kosa hili hupita majaribio yote na kujitokeza siku data halisi zinapoingia.

Kidole, kwa Java, ni Iterator:

Iterator<String> kidole = majina.iterator();
while (kidole.hasNext()) {
    String jina = kidole.next();
    System.out.println(jina);
}

hasNext() huuliza kama bado kuna kipengee mbele. next() hukupa kipengee na kusogea hatua moja. Lupu fupi, for (String jina : majina), iliyoletwa na Java 5 mwaka 2004, ni Iterator hiyohiyo, kompaila, programu inayotafsiri kodi yako, ndiyo inayokuandikia. Kwa kusoma tu, tumia hiyo fupi. Ukitaka kwenda nyuma, descendingIterator() huanzia mwishoni, na ListIterator hukuruhusu kusogea pande zote mbili, kubadilisha thamani kwa set() na kuchomeka mpya kwa add() palepale ulipo. Kuchomeka huko hakuhitaji kusogeza vipengee vingine, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuchagua LinkedList.

Kufuta ndiko kunakohitaji uangalifu. Ukiita majina.remove(jina) ukiwa ndani ya lupu fupi, kwa kawaida programu itakatika na kutoa kosa liitwalo ConcurrentModificationException, yaani badiliko la wakati mmoja. Jina hilo huwafanya wengi watafute nyuzi mbili za programu (threads, kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) zinazogongana, ilhali uzi mmoja unatosha kulisababisha. Orodha huhesabu kila badiliko la kuongeza au kufuta. Iterator ilipoanza iliinakili hesabu hiyo, na kila next() huilinganisha. Zikitofautiana, inagoma.

La hatari zaidi ni pale isipogoma. Ukifuta kipengee cha pili kutoka mwisho kwa njia hiyo, idadi hupungua kwa moja na kuwa sawasawa na nafasi ambayo Iterator imefika. hasNext() hujibu kwamba hakuna kilichobaki, lupu inafungwa kimyakimya, na kipengee cha mwisho hakiguswi kabisa. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Fikiria kipengee hicho ni malipo ya mtu.

Futa kupitia kidole chenyewe, yaani kidole.remove() baada ya next(), kwa sababu hapo Iterator hurekebisha hesabu yake pamoja na ya orodha. Na kuanzia Java 8 mstari mmoja unatosha: majina.removeIf(jina -> jina.isEmpty());