Besi ya mtindo wa zamani: tazama nyuzi kabla ya rangi

Mtu akiniletea gitaa la besi lenye sura ya miaka ya 1960 na kulalamika kwamba halitoi sauti ya enzi zile, sifungui skrubu hata moja kabla ya kutazama nyuzi. Aghalabu nakuta nyuzi mpya za kung'aa, zile zilizozungushiwa waya wa duara, zenye mikwaruzo ukipitisha kucha. Mwenyewe amegharamia vanishi ya selulosi na rangi iliyobanduliwa kwa makusudi kiwandani ili gitaa lionekane limezeeka jukwaani, kisha akafunga nyuzi za aina ambayo haikuenea kwenye besi mpaka miaka hiyo ya 1960 ilipokuwa inasonga mbele. Wapigaji wa kabla ya hapo walitumia nyuzi bapa, yaani zilizozungushiwa utepe wa chuma uliolala, laini kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. (Rangi iliyobanduliwa kiwandani sina ugomvi nayo, ila kwenye sauti haikupi kitu.)

Uzi bapa una sauti za juu chache na hufifia mapema. Uzi wa E, ule mnene kuliko yote, ukiachwa wazi hutetema karibu mara 41 kwa sekunde, na juu yake hupanda mitetemo ya 82, 123 na kuendelea. Waya wa duara huipa ile ya juu kabisa nafasi kubwa, ndipo unapopata mlio wa chuma. Utepe bapa huizima, ikabaki ya chini na chache za kati. Ukipiga peke yako chumbani utaona gitaa limekufa. Usihukumu hapo. Mwite mpiga ngoma na mtu wa kinanda, uone jinsi noti zako zinavyokaa chini ya kila kitu bila kugombania nafasi na matoazi. Nimeona wengi wakizivua nyuzi bapa siku ileile walipozifunga kwa sababu walizijaribu wakiwa peke yao.

Jambo la pili ni sponji. Besi nyingi za awali zilikuja na kifuniko cha chuma juu ya daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa), na ndani yake kipande cha sponji kilichogusa nyuzi. Watu walivitoa vifuniko vile kwa kuwa vinazuia mkono, na sponji ikaenda navyo. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliiacha mahali pake. Alitumia besi ya Fender aina ya Precision ya 1962, nyuzi bapa nene za kampuni ya La Bella ambazo hakuwa na tabia ya kuzibadilisha, na alichomoa noti zake kwa kidole cha shahada peke yake. Carol Kaye, mpiga besi wa studio za Marekani, alifika kwenye sauti kavu na fupi inayokaribiana na hiyo kwa njia nyingine: alipiga kwa kipiki (kipande kidogo kigumu cha kukwangulia nyuzi), na kitambaa cha kuzima nyuzi. Kwa hiyo kabla ya kununua pikapu mpya (kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi), kata kipande cha sponji ya godoro, kisukume chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kiguse tu bila kubana. Kikibana, noti inapanda kidogo na gitaa litaonekana halijatyuniwa.

Pikapu zenyewe zinahitaji maneno machache. Precision ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, ilitoka 1951 ikiwa na pikapu ya koili moja, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyogawanywa, nusu moja chini ya nyuzi za E na A, nusu nyingine chini ya D na G, koili na sumaku zikiwa zimepangwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute. Jazz Bass ya 1960, besi nyingine ya Fender, ina pikapu mbili za koili moja na shingo nyembamba zaidi kichwani, kama milimita 38. Pikapu zake mbili zikifunguliwa sawa, mvumo unanyamaza. Ukipunguza moja, mvumo unaanza. Hivyo ndivyo lilivyoundwa, basi usimlipe fundi kulitibu. Yote mawili hayatumii betri, na ndiyo maana waya mrefu wa kuunganisha kwenye amplifaya hula sauti za juu. Kwa nyuzi bapa hasara hiyo huisikii sana.

Panapowatesa wengi ni shingo. Nyuzi bapa nene huvuta kwa nguvu kuliko nyuzi za kawaida, kwa hiyo shingo huinama mbele na nyuzi hupanda juu. Dawa ni kukaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, lakini kwenye mtindo wa zamani nati yake iko upande wa mwili, imefichwa na mbao. Lazima ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne za nyuma, uinue shingo, uzungushe nati robo mzunguko, urudishe kila kitu, utyuni, ndipo uone kama umefika. Mara nyingi hujafika. Fanya tena. Kipimo changu: bana uzi kwenye freti ya kwanza (freti ni vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo) na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama pengo karibu na freti ya saba. Milimita 0.35 hivi zinatosha. Unaporudisha skrubu, zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, halafu kaza kwa mkono. Ukiisukuma tu itakata njia mpya kwenye mbao, na baada ya mara kadhaa shingo haitashika. Bisibisi ya umeme iweke mbali.

Utakutana pia na noti inayokufa kwenye uzi wa G, ule mwembamba kuliko yote, mahali fulani kati ya freti ya tano na ya saba. Noti inaanza vizuri, ghafla inanyauka. Wengi hudhani freti imeinuka. Kwa kawaida ni shingo yenyewe inayotetema kwa kasi iliyo karibu na ya noti hiyo na kuila nguvu yake. Kuongeza uzito kichwani mwa gitaa huihamisha noti hiyo, haiiondoi. Ukiwa na sponji, noti zote ni fupi, na kasoro hiyo inajificha kabisa.

Mkono wa kulia ndio unaobaki. Kile kipande cha mbao chini ya uzi wa G kwenye besi za zamani kiliwekwa ili vidole vinne vishikilie hapo huku gumba likipiga kutoka juu. Lijaribu gumba hilo karibu na mwisho wa shingo, ubavu wa kiganja ukilalia nyuzi, kitufe cha toni (kinachopunguza sauti za juu) kikiwa katikati. Halafu sogea kuelekea daraja ukitumia kidole cha shahada, usikie sauti inavyokaza. Safari hiyo ya sentimita chache inabadilisha mengi kuliko kubadili pikapu, na haitaki risasi ya kulehemu wala bisibisi.