Barabara pana haitamaliza msongamano: nafasi ya reli Pwani itengwe mapema

Tangu kazi ya kupanua barabara ya Mombasa hadi Kilifi ianze, wakazi wa Malindi wanatuuliza: siku ikifika huku, msongamano utakwisha? Wengine wanauliza mbona tusijengewe reli. Sisi wapangaji wa uchukuzi tuna wajibu wa kuwajibu waziwazi.

Barabara ikipanuliwa, mwanzoni safari huwa nyepesi kweli. Kisha aliyekuwa akipanda matatu hununua gari. Aliyekuwa akiishi Kisauni, mjini Mombasa, huhamia Vipingo, nje ya mji kuelekea Kilifi, kufuata ploti ya bei nafuu. Aliyekuwa akitoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni sasa hutoka saa 1 asubuhi pamoja na wenzake. Nafasi mpya hujaa. Wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani, na katika utafiti wao wa mwaka 2011 walionyesha kuwa jumla ya kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu sawasawa na leni zinazojengwa. Barabara ya Katy kule Houston ilipanuliwa ikamalizika 2008, sehemu nyingine ikiwa na leni zaidi ya 20 ukihesabu za pembeni, na miaka michache baadaye foleni za jioni zilikuwa zimerudi. Hapa Kenya tunayo Barabara ya Thika ya mwaka 2012: miji ya Ruiru na Juja iliyo kando yake imejaa nyumba, na magari yanabanana karibu na jiji la Nairobi.

Reli je? Leni moja ikienda vizuri hupitisha magari madogo kama 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja au wawili. Treni ya mabehewa 10, kila behewa abiria 100, hubeba watu 1,000. Ikipita kila dakika 10 ni watu 6,000 kwa saa katika njia moja tu. Lakini lazima ipite kila dakika 10. Treni ya kwenda asubuhi na kurudi jioni haimfai mhudumu wa hoteli anayetoka zamu saa 4 usiku.

Tena utafiti uleule wa Duranton na Turner ulikuta kwamba hata usafiri wa umma ukiongezwa, magari barabarani hayapungui, kwa sababu nafasi aliyoiacha mmoja huchukuliwa na mwingine. Faida ya treni ni kwa aliyemo ndani yake: foleni ya barabarani haimhusu.

Kwa Malindi, kilomita kama 120 kutoka Mombasa, wanaokwenda na kurudi kila siku bado ni wachache mno kuilipia reli. Wengi wanatoka Mtwapa na Kikambala, karibu zaidi na Mombasa. Treni ya abiria ya Pwani ingeanzia huko. Foleni yetu ya kila siku iko mjini Malindi kwenyewe, na sababu yake inaonekana kwa macho. Matatu inasimama katikati ya leni kushusha abiria kwa kuwa hakuna nafasi ya pembeni, tuktuk inageuza mbele yake, lori la mawe linangoja nyuma, na bodaboda zinapita kushoto na kulia. Steji za pembeni, makutano yaliyopangwa na njia ya waendao kwa miguu ni kazi ya gharama ndogo, nami ningeianza kabla ya leni mpya hata moja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ardhi. Reli haipandi mlima wala haikati kona kama gari, na kuelekea kaskazini lazima ivuke hori (mkono wa bahari) la Mtwapa na la Kilifi, kwa hiyo sehemu inakoweza kupita si nyingi. Kila mwezi ploti zinakatwa na kuta zinainuka. Nyumba zikishajengwa, fidia peke yake inaweza kuua mradi.

Sheria inaitaka kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na wananchi lazima waitwe kutoa maoni. Mkiitwa, ombeni muonyeshwe kwenye ramani ukanda wa reli unapita wapi, upana wake ni mita ngapi, na nani amezuiwa kujenga humo.